Ganzi Haikuwa ya Waturkana

Siku yangu ya kwanza kazini Lodwar nilipewa koti jeupe lililonipwaya na amri moja. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, nami nilikuwa dresa, yaani mtu wa kusafisha vidonda, kufunga bandeji na kushona. Nilitoka Kitale juu ya lori la mahindi, na wenzangu waliniaga kana kwamba napelekwa jela. Siku hizo mtu akiondoka Lodwar kurudi kwao alisema anaenda Kenya, kana kwamba Turkana ni nchi nyingine, na hakuna aliyecheka. Sitataja majina ya vituo wala ya wakubwa, maana kosa ninalolisimulia ni langu.

Daktari aliyekuwa mkuu wangu alikuwa mzungu, mtu wa bidii asiyejua kupumzika. Asubuhi hiyo aliletwa Mturkana mchunga ng'ombe aliyechanwa paja na pembe. Nilipoanza kuvuta dawa ya ganzi kwenye bomba la sindano, lile la kioo tulilolichemsha kila siku, daktari alinishika mkono.

"Hiyo ni ya maafisa na familia zao," alisema. "Hawa hawasikii maumivu. Mwangalie mwenyewe."

Nilimwangalia. Yule mtu alikazia macho ukuta, nami nikamshona hivyo hivyo, wala hakutoa sauti. Nikaamini. Na nikisema kweli leo, niliamini upesi kwa sababu imani hiyo ilinifaa: kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa upande wa wanaopewa ganzi.

Kituo kilikuwa na desturi yake. Mwenye suruali au gauni aliingia moja kwa moja. Mwenye shuka au ngozi alikaa nje juani mpaka aitwe. Hakuna mahali sheria hiyo ilipoandikwa, na hakuna dresa aliyehitaji kukumbushwa.

Miaka michache baadaye nilihamishiwa zahanati ndogo upande wa Kakuma, niiongoze mwenyewe. Daktari alikuwa ameshakwenda zake Ulaya. Mkubwa wangu mpya, Afisa wa Afya, alikuwa Mwafrika mwenzangu aliyetoka kusini kama mimi, na alikuja kukagua kwa nadra. Sasa hapakuwa na mzungu wa kunizuia nisitumie dawa. Nilijizuia mwenyewe.

Asubuhi moja Ekiru, Mturkana wa makamo aliyefanya usafi na kunitafsiria lugha, alichungulia mlangoni. Huko hata dresa aliitwa daktari.

"Daktari, kuna mama hapa nje. Hii mama iko mbaya."

"Analia?"

"Hapana. Ametulia tu. Lakini iko mbaya."

"Basi angoje."

Nilikuwa na mhandisi wa barabara, mzungu, mwenye mdudu wa kidole. Nilimchoma ganzi, tukasubiri ishike, nikatoa usaha taratibu, kisha nikamwagizia chai. Baada yake nikamwona mke wa mwenye duka, kikohozi. Halafu mwalimu aliyetaka dawa ya macho. Ekiru alirudi mara mbili. Mara ya pili alisimama tu akinitazama.

Nilipotoka nilimkuta mama huyo, Akai, ameegemea ukuta huku amekunja magoti, akitafuna ukingo wa ngozi aliyoivaa. Dada yake alikuwa amemshika kichwa. Nilipogusa tumbo lilikuwa gumu kama ubao. Katika kazi yetu tumbo la namna hiyo maana yake kuna kitu kimepasuka ndani, na mgonjwa anahitaji kupasuliwa bila kuchelewa. Nilikimbilia redio ya mawasiliano nikaomba gari kutoka Lodwar. Lilikuja. Akai alikata roho njiani, kabla hatujaiona Lodwar, na dada yake akamfunika uso.

Niliporudi, Ekiru alikuwa anapiga deki. Nilitaka anifariji.

"Kwa nini hakulia?" nilimwuliza. "Angelia, ningejua."

Hakuacha kupiga deki. "Kwetu nyumbani tunalia, daktari. Mama akizaa, analia. Mtoto akichomwa na mwiba, analia. Lakini mbele ya emoit, hapana."

Emoit ni adui, mtu wa nje asiyetakiwa kuona udhaifu wako.

"Na mimi ni emoit?"

"Wewe unaonaje?"

Nilikwenda kukaa kwenye kitanda cha wagonjwa, nikamkumbuka baba. Alikuwa kibarua katika shamba la setla karibu na Kitale. Setla huyo alimng'oa jino kwa koleo bila dawa, akawaambia wageni wake kwamba ngozi ya Mwafrika ni nene. Baba alimshukuru. Alipofika nyumbani akalia mpaka mama akatutoa nje. Nilimchukia mzungu yule utoto wangu wote, na sasa nilikuwa nimefanya kazi yake kwa miaka, kwa uaminifu. Niliona aibu, na bado naiona.

Ripoti ya kifo ilitakiwa. Kwenye sababu niliandika: mgonjwa alichelewa kuletwa. Afisa wa Afya alipokuja kukagua aliisoma akatikisa kichwa.

"Ndiyo kawaida yao," alisema. "Wanangoja mpaka mtu anakufa. Usijilaumu, kijana."

Ekiru alikuwa pale pale na ndoo yake. Nilikuwa na nafasi ya kusema.

"Asante, bwana," nikasema.

Baadaye nikapandishwa cheo.

Nilibadilisha foleni, ikawa moja, na ganzi ikawa ya kila anayeshonwa. Wenye suruali walinung'unika, wakazoea. Lakini asiniambie mtu kwamba nilipona. Mpaka nastaafu, mgonjwa akiingia, macho yangu yalianza miguuni kuona kama amevaa viatu, nami ilinibidi niyainue kwa nguvu.

Wauguzi vijana hunitembelea na kuniuliza kuhusu ubaguzi wa wazungu. Nikiwasimulia habari za daktari yule wanakasirika vizuri sana, nami nakunywa chai yangu kwa amani. Ni rahisi kuisimulia, maana mbaya wake yuko Ulaya.

Ripoti ile huenda iko kwenye faili mahali fulani, kama mchwa hawajaila. Hakuna aliyeniomba niirekebishe, kwa hiyo nairekebisha hapa. Akai hakuchelewa. Nilipokwenda kufungua mlango asubuhi ile alikuwa ameshafika, amekaa kizingitini, na mimi niliiruka miguu yake nikaingia.