Namba Moja kwa Watu Wawili

Mama mdogo amepiga pasi kwenye duka la dobi tangu kabla sijaanza shule, na siku zote alipiga na mwenzake mmoja, mwanamke mnene, mcheshi, tuliyemwita Bi Mapozi. Kila shati, Bi Mapozi alianza na kola na mikono, mama mdogo akamalizia mgongo na kukunja.

Kisha ng'ambo ya barabara likafunguliwa duka jingine: bei nusu, nguo siku hiyohiyo. Wateja wakahama. Bosi akaingiwa na hofu, akampa kila mpiga pasi namba yake, aibandike kwenye shati alilolimaliza peke yake. Jumamosi mashati yanahesabiwa. Atakayeshika mkia mara mbili anaondoka. Chuoni walitufundisha kwamba ushindani huilazimisha kampuni ijue kila kinachofanyika ndani yake. Sawa. Mbona hawakusema inaweza kusahau nani anakifanya?

Vidole vya Bi Mapozi vilikuwa vimeanza kukakamaa kwa baridi yabisi. Jumamosi ya kwanza akashika mkia. Wiki iliyofuata mama mdogo akawa anabandika namba ya mwenzake kwenye mashati yake mwenyewe, kimyakimya. Ila alipitiliza. Jumamosi bosi akatangaza mshindi: Bi Mapozi! Wa mwisho akawa mama mdogo.

Watu wakapiga makofi. Bi Mapozi hakucheka.

"Kwa vidole hivi? Hata vifungo vyangu nafungiwa!" Akamgeukia mama mdogo. "Shoga, nani kakutuma?"

"Nyamaza, wewe."

"Sinyamazi. Bosi, mashati ni yake. Nifukuze mimi."

"Akitoka huyu, na mimi natoka," mama mdogo akasema.

Bosi akatazama rundo la nguo mezani, kisha duka la ng'ambo. "Sasa mnataka nini?"

"Namba moja, sisi wawili," mama mdogo akasema. "Utudai mashati ya watu wawili."

"Na yakipungua?"

"Utufukuze kwa mpigo," Bi Mapozi akadakia, "uokoe na mate ya kutuaga."

Bosi akacheka bila kupenda, akawapa namba.

Jioni niliwakuta nyumbani kwetu, mama mdogo akimkanda mwenzake vidole kwa maji ya moto. Waliponisimulia, nikawaka: huo si mtego tu? Mkishindwa, mnakwenda wote!

"Tunajua, mwanangu," mama mdogo akasema, akikamua kitambaa.

Bi Mapozi alikunja uso kwa maumivu. "Taratibu, bibi wee. Sasa vidole hivi ni vyako pia."