Ngamia wa Kitovu Changu

Kwetu mtoto wa kiume akizaliwa, kitovu chake hufungwa kwenye mkia wa ngamia jike mchanga. Tangu siku hiyo ngamia yule na uzao wake ni mali ya mtoto. Mimi ni mwanamke, na baba alinifungia. Ami zangu walimcheka hadi soko la mifugo la Garissa. Akawajibu kwamba huyo si ngamia wa karamu, ni wa kunipeleka chuo.

Nilipomaliza sekondari, ngamia wangu alikuwa ameshazaa, na wanawe wamezaa. Nikaitwa chuo cha ualimu, niripoti Januari. Lakini ukame ulikuwa umetukausha sote, watu na mifugo.

"Mwambie auze sasa," mama aliniambia. "Ngamia aliyekonda ana bei. Aliyekufa hana."

Nikamwambia. Baba alichorachora mchanga kwa fimbo yake kwanza.

"Aabo," akaniita, maana kwetu baba humwita mtoto kwa neno lile lile analoitwa yeye. "Nikiwapeleka mbavu zikiwa nje, dalali atanipa bei ya mbuzi. Mvua ikinyesha watanona. Ngoja."

Nikangoja. Wanaume walikwenda uwanjani kusali sala ya mvua, na mimi nyumbani nikaitikia amina kwa moyo wangu wote.

Mvua ikaja, ile ya Elinino, ikakataa kuondoka. Mto Tana ukafurika, barabara ya Modogashe ikakatika, malori yakazama kwenye tope. Ngamia waliodhoofika walisimama majini mpaka nyayo zikaoza, wakaanguka mmoja mmoja. Kisha ukaingia ugonjwa ulioharibu mimba za mifugo na kuua hata watu, na soko likafungwa. Subira huvuta heri, wanasema. Yetu ilivuta nzi.

Wa kitovu changu alikufa kabla ya Januari, na uzao wake wote ukamfuata. Chuo kilifunguliwa bila mimi. Nilimchukia baba, na kila asubuhi nilimpikia chai huku nikimchukia. Aliinywa bila kuinua macho.

Mwaka uliofuata tope lilikauka, soko likafunguliwa, na wageni wakaja kutoka upande wa Modogashe kunichumbia. Ami hawakucheka tena. Walikubaliana nao haraka, na ngamia wa mahari wakaingizwa zizini kwetu, wanono, nundu zimesimama. Niliwatazama kupitia upenyo wa mkeka wa ukuta wa nyumba. Walikuwa wengi kuliko waliohitajika kunisomesha.

Jioni nikamfuata baba zizini. Nikamwomba auze wawili tu, awarudishie wageni ngamia waliobaki, anipeleke chuo. Sijawahi kumwomba mtu kitu kama nilivyoomba siku ile.

Alimshika ngamia mmoja mkia, akaupapasa, akauachia.

"Hawa si wa kitovu, aabo," akasema. "Hawa ni wa ukoo."