Pikapu Iliyozima Mnazi Mmoja

Siku yangu ya kwanza kazini, Fundi Mkuu wa karakana ya shirika la usafirishaji alinifunga kitambaa machoni, akawasha lori na kuniuliza, "Linaumwa wapi?" Nikabahatisha. Akacheka. "Jifunze kusikiliza injini, utakula maisha yako yote." Nilimwamini kwa miaka ishirini. Karakana ilipouzwa tukapunguzwa, nikahamia gereji ya Gerezani, jirani na Kariakoo, ambako meneja wake aliniachia injini zote.

Serikali ilikuwa imefungulia biashara ya nje. Magari yaliyotumika yalikuwa yakimiminika bandarini, yakiwa na vitu ambavyo hata Fundi Mkuu hakuwahi kuviona. Mama Shirima, muuza vitenge vya jumla, alileta pikapu ya petroli: ikipata joto inazima, ikipoa inawaka. Nikaisikiliza, nikabadilisha plagi, nikasafisha njia ya mafuta, nikaizungusha kidogo mtaani.

"Imepona, fundi?"

"Imepona, mama. Nakuhakikishia."

Siku ya tatu, mchana wa jua kali, mumewe alibanwa na kifua dukani. Wakampakia kwenye pikapu ile kumkimbiza hospitali, Upanga. Ikazima Mnazi Mmoja, katikati ya barabara. Mama Shirima aliisukuma pamoja na wapita njia mpaka viatu vikamvuka, ndipo teksi ikamchukua mgonjwa. Jioni, pikapu ilipopoa na kuwaka, alinijia nayo gereji, miguu peku.

"Fundi Omari, ulinihakikishia. Limezima Mnazi Mmoja, mume wangu mgonjwa yumo ndani."

Nilitaka kuuliza habari za mzee, ulimi ukagoma.

"Yu hai," akasema. "Wamemlaza. Sasa niambie, hili gari lina nini?"

"Sijui, mama."

Sikuwahi kulitamka neno hilo mbele ya mteja.

Kesho yake nilimfuata Bi Hansa, fundi redio wa mtaa wa pili, ambaye miaka yote nilimpita bila hata salamu ya maana. Akaja na mita yake ya umeme. Tukaiacha injini ichemke hadi ikazima. Nikapiga stata: plagi hazikutoa cheche, na mshale wa mizunguko kwenye dashibodi haukutikisika.

"Kompyuta ya gari haijui kama injini inazunguka," akasema. "Nani kazi yake kuiambia?"

Nikaingia uvunguni. Kando ya puli ya krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, palikuwa na kidude kama kidole gumba: sensa ya krenki. Huhesabu meno ya puli yanayopita mbele yake, kompyuta ikajua lini iwashe plagi. Tukachomoa soketi yake, tukapima. Mita kimya. Bi Hansa akaimwagia sensa maji baridi, mshale wa mita ukapanda.

"Waya wa ndani umekatika, Kaka Omari. Joto linauachanisha, ukipoa unagusana. Hata redio zinaumwa hivyo."

Nilikaa chini kwenye vumbi la gereji. Waya mwembamba kama unywele!

Kufunga sensa mpya ilikuwa bolti moja tu. Nilifuta uchafu mahali inapokaa, nikahakikisha haigusi meno, kisha nikaendesha adhuhuri nzima, Magomeni na kurudi, injini ikitokota, Mama Shirima kando yangu. Haikuzima. Tukapitia hospitalini. Mzee Shirima alikuwa ameketi kitandani akinywa uji. Akanipa mkono, nami nikashindwa kumtazama usoni.

Nimestaafu sasa. Watu hudhani fundi mzee hukumbuka magari aliyoyaponya. Mimi hukumbuka kile kimya kabla Mama Shirima hajasema "yu hai". Kwa muda ule mfupi nilikuwa nimeshaua mtu, na mwili wangu haujasahau.