Umri wa Shabani

Siku niliyosimama mahakamani kutoa ushahidi naikumbuka hata leo, mwanangu.

Kaka yangu Idi, fundi cherehani hapa Buguruni, alichomwa kisu na Shabani, mtoto wa jirani, wakigombania simu. Alifia njiani tukimpeleka hospitali. Mie nilitaka Shabani anyongwe. Nililala na neno hilo, nikaamka nalo.

Ishu ikawa umri. Upande wa mashtaka ulisema ana miaka kumi na tisa. Wakili wake alisema kumi na saba, na sheria hainyongi aliyeua kabla hajatimiza kumi na nane. Cheti hakuwa nacho, na mama yake alishafariki. Tuliobaki kujua ni sie wa nyumba yetu. Shabani alizaliwa Mwananyamala siku moja na mdogo wangu Zuhura, na mie, binti wa miaka kumi na miwili wakati huo, ndiye niliyewapelekea mama zetu uji wodini.

Wakili alipokuja kuuliza, nikamjibu sikumbuki. Kadi ya kliniki ya Zuhura, yenye tarehe aliyozaliwa, nikaificha chini ya godoro.

Mama, ambaye tangu tuzike alikuwa hatoki kitandani, alisikia yote. Akaniita, akaniuliza kwa nini juzi nilimfokea Zuhura. Nikamwambia amegombana na mwalimu, akachana madaftari yake yote, sasa analia hana cha kusomea. Akili bado za kitoto.

Mama akasema, "Na Shabani akili zake ni hizohizo. Idi nimemzaa mie, wewe hukumzaa. Nenda kaseme kweli."

Nikaenda. Shabani alikuwa kizimbani, shati limempwaya, macho chini. Nilipoutaja umri wake, jaji aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Marafiki wa Idi walikuwa wamekaa nyuma yangu. Nikaitoa kadi ya Zuhura.

"Alizaliwa siku hii. Nilikuwepo."

Hakunyongwa. Alikaa kizuizini miaka mingi, akatoka mtu mzima. Siku moja alisimama mlangoni kwangu akasema shikamoo dada. Niliitikia marahaba. Kumkaribisha ndani sikuweza, na mpaka leo sijaweza.

Mwanangu, usidhani serikali inamwachia mtoto uhai wake kwa kuwa marehemu hakuwa na thamani. Mtoto hasira humpanda kabla hajaona zinampeleka wapi, na bado anaweza kuwa mtu mwingine. Ukishamnyonga, hutajua kamwe angekuwa nani. Sie wenye msiba hatuwezi kuyafikiria hayo, ndiyo maana sheria inayafikiria kwa niaba yetu. Ukiitwa kusema kweli itakayomwokoa uliyemchukia, iseme, hata sauti ikikutetemeka.

Mungu akuepushe na kisu, kilicho mkononi mwa mwenzio na kilicho mkononi mwako.