Ketaki Katika Foleni ya Wenye Kipaji

Mara ya kwanza kumwona Ketaki Ranade alikuwa amelala kifudifudi pembeni mwa barabara, hapa Fremont, sikio kwenye lami, mchana kweupe. Mzee mmoja aliyekuwa akitembeza mbwa alishatoa simu aite gari la wagonjwa.

"Binti, umeanguka?"

"Sijaanguka, mzee wangu. Naomba unyamaze kidogo tu, nasikiliza bomba."

Nilicheka kwa sauti, nikasema kwa Kimarathi, lugha ya kwetu India, kwamba wazimu wa kwetu umefika mpaka California. Sikujua kwamba ananielewa. Aliinuka, akajikung'uta vumbi, akanitazama.

"Dada, wewe wa wapi?"

"Satara."

"Basi acha kunicheka, uje kunisaidia. Unajua kuchomelea nyaya?"

Nilijua. Nilikuwa nimefanya kazi hiyo kwenye kiwanda cha redio za magari mpaka kilipohamishwa. Ndivyo nilivyoingia kampuni ya Kaan, maana yake sikio, ambayo makao yake yalikuwa gereji ya Tushar Bendre. Tushar na Ketaki walisoma chuo pamoja, wakaianzisha pamoja. Yeye alitafuta wateja, Ketaki akabuni. Kidude chao kilikuwa kidogo kama kopo la chai. Ukikibandika kwenye bomba la maji kilisikia ufa uliofukiwa chini ya barabara na kukuonyesha pa kuchimba.

Tofauti yao ilikuwa moja. Tushar alizaliwa hapa hapa, ng'ambo ya daraja. Ketaki alizaliwa Nashik, India, na kibali chake cha kuishi kilitegemea kazi yake Kaan. Kampuni ikifa, na kibali kinakufa. Kwa hiyo alikwenda kwa wakili, Bi Pacheco, nami nikamsindikiza kwa sababu aliogopa kwenda peke yake.

"Kuna ukaazi wa kudumu wa watu wenye kipaji cha pekee," wakili alisema. "Huhitaji mwajiri. Unajiombea mwenyewe."

"Mimi nimebuni kidude kinachofanya kazi."

"Hongera. Nani mwingine anasema hivyo? Una tuzo? Umeandikwa magazetini? Umeitwa kuwa jaji wa kazi za wenzako? Kampuni yako ina jina, na wewe ndiye nguzo yake? Ukiwa na vitu vitatu vya namna hiyo, mlango unafunguka. Halafu ofisa wa uhamiaji anavitazama vyote kwa pamoja, anajiuliza kama kweli uko juu kabisa katika fani yako."

"Si waje tu wajaribu kidude?"

Bi Pacheco alimwangalia kwa huruma. "Mama, hawana bomba ofisini."

Kuanzia hapo Ketaki alikuwa mtu wa kutafuta sifa. Alijipeleka kwenye mashindano ya wabunifu, akapata tuzo mbili. Aliwabembeleza waandishi wa habari mpaka mmoja akamwandika, ingawa jina lake alilikosea. Aliomba wataalamu wasiomfahamu waitazame kazi yake na kuishuhudia. Kila aliporudi safari, Tushar alisimama mlangoni mwa gereji na kuinama.

"Mheshimiwa jaji karudi! Wananchi, simameni!"

Mwanzoni Ketaki alicheka naye.

Kisha idara ya maji ya mji wa jirani ikakubali kukijaribu kidude chetu. Tarehe waliyopanga, Ketaki alikuwa Denver, ameitwa kuwa jaji wa kazi za wahandisi vijana. Aliomba wasogeze tarehe, wakakataa. Tulikwenda mimi na Tushar. Karibu na bomba kulikuwa na mashine inayovuma, na kidude kikasikia mvumo ule badala ya ufa. Ketaki angekirekebisha papo hapo. Sisi tulibonyeza hiki na kile huku jasho likitutoka, na mhandisi wa idara akatazama saa yake. Walichimba tulipowaonyesha, wakakuta udongo mkavu. Kazi wakapewa wengine.

Aliporudi, Tushar hakuinama.

"Unajenga jina, Ketaki. Kampuni hujengi."

"Kampuni hii ikifa wewe unarudi kwa mama yako kula. Mimi narudi wapi?"

"Si ungeniambia tu hiyo Denver ni muhimu kuliko sisi?"

"Nilikuambia! Ukasema niende!"

"Nilisema kwa sababu ulishakata tiketi!"

Nilikuwepo, na chuma cha kuchomelea kilikuwa mkononi bado. Sikuweza kumpa haki mmoja nikamnyima mwingine.

Waliotuwekea fedha walijitoa, na Tushar akaanza kuuza meza. Wakati huo huo ofisa wa uhamiaji aliyepelekewa ombi la Ketaki akarudisha swali: lete ushahidi zaidi kwamba kampuni ina sifa, na kwamba mwombaji ndiye aliyeibeba. Aliyeweza kushuhudia hilo ni Tushar, na walikuwa hawasemeshani. Ketaki alikwenda nyumbani kwa kina Tushar Jumapili, akamkuta mezani na wazazi wake. Aliniambia hakumaliza hata salamu. Tushar alimsogezea sahani ya wali na dengu, akasema, "Kaa ule kwanza. Nitaandika." Akaandika kwamba kila kitu kilichofanya kazi Kaan kilitoka kichwani mwa Ketaki. Haukuwa uongo.

Bi Pacheco alipopiga simu, tulikuwa tunafagia gereji tupu.

"Wamekubali! Serikali imetambua kwamba una kipaji cha pekee."

Nilipiga kelele. Ketaki akauliza, "Na kadi ya ukaazi?"

Wakili akashusha sauti. "Kadi ina foleni. Kila nchi ina kiwango chake cha mwaka, na waliozaliwa India foleni yao ni ndefu, hata ya wenye kipaji. Inabidi uisubiri ukiwa na kibali kingine, yaani mwajiri mwingine, ndani ya miezi miwili. Au usubiri ukiwa kwenu."

Ketaki alikaa sakafuni. "Kwa hiyo mimi ni wa pekee, ila tuko wengi."



Aliomba kazi kila mahali. Mwaka ule kampuni kubwa zilikuwa zinafukuza watu, na vijana wenye vyeti walijaa kwenye migahawa ya Fremont, kompyuta mapajani, wakiomba kazi zile zile. Alifika kwenye usaili wa mwisho mara moja tu, na huko wakamwambia amezoea mno kuwa bosi. Miezi miwili ilipokwisha, Tushar ndiye aliyempeleka uwanja wa ndege. Njia nzima walizungumzia msongamano wa magari.

Sasa yuko Pune, huko India, anakagua programu ya kulipia maegesho. Kaan imebaki jina kwenye tuzo mbili alizoniachia, kwa kuwa sanduku lilizidi uzito. Mwezi uliopita serikali ya Marekani ilitangaza foleni zimefikia maombi ya tarehe gani, na ya India imerudi nyuma badala ya kusonga mbele. Sikumpigia kumwambia. Alipiga yeye, tukazungumza habari za goti la mama yake.