Walininusa Mdomo

Nilianguka mwaloni Rwamgasa nikiosha mchanga wa dhahabu. Dunia ilizunguka, nikatapika. Mume wangu, Telesphori, akamwita dada yake aninuse mdomo mbele ya wachimbaji, kwani kwetu mlevi hagusi karai. Wanasema dhahabu hukimbia. Sijawahi kuonja pombe, lakini karai nilinyang'anywa.

Daktari aliniambia kinga ya mwili wangu, ile inayonivimbisha viungo, huenda sasa inalishambulia sikio kwa ndani, ndiko kizunguzungu kinakotoka, vipimo bado. Nikamweleza Telesphori mbele ya wenzake, anisafishe jina.

"Mama Dorika, kumbe hata kinga yako imelewa," akasema, wakacheka.

Tangu hapo namwonea kinyaa. Jana niliyumba mlangoni, akanyoosha mkono anishike. Nikashika ukuta.