Mgawa Karata Aliyemnyamazia Kaka Yake

Saa nane mchana, jua linawaka nje, lakini ukumbi huu hauna dirisha hata moja. Mgawa karata anavuta kiti chake, anafunua viganja kuonyesha kwamba hajashika kitu, kisha anaanza kuchanganya karata. Kabla hajagawa hata moja, anamgeukia mzee mwenye kofia aliyeketi kushotoni kwake.

"Baba, hizo kubwa zisogeze mbele. Zionekane."

Mzee anacheka, na meza nzima inacheka naye. Wachezaji wa kila siku wameshamzoea. Zamani walimwita Bi Kimya, siku hizi wanamwita Sogeza Mbele. Naye hucheka nao, ila kicheko chake hakivuki meno.

"Wanadhani nafanya mzaha," anasema baadaye katika chumba cha mapumziko, chai ikimpoa mkononi. "Ningelisema neno hilo siku ile moja tu, kaka yangu leo angekuwa na kazi yake."

Ana miaka thelathini na minne, na sita kati ya hiyo ameimaliza akigawa karata za poka. Mezani watu huchezea chipu, visahani vya plastiki vya rangi mbalimbali. Si za kuliwa, ingawa zenyewe zimekula watu wengi. Nyeupe ndizo ndogo. Nyeusi moja ina thamani ya nyeupe ishirini, ndiyo maana sheria inataka nyeusi zikae mbele, kila mtu azione. Mchezaji akizificha nyuma ya nyeupe, mgawaji humwamuru azitoe.

Kaka yake ni fundi makochi. Wazazi walipofariki, ndiye aliyemlea na kumlipia ada kwa kushonea watu viti. Cherehani yake ya ngozi ilikuwa nzito kiasi kwamba kuihamisha kulihitaji wanaume watatu. Miezi mitano iliyopita aliiuza ili apate kiingilio cha shindano kubwa la poka katika ukumbi huu.

"Alikuja kuniambia ameshauza," anakumbuka. "Nikamwambia, kaka, umerukwa na akili? Akasema, mdogo wangu, kazi zimekauka. Watu wananunua makochi dukani. Cherehani inanitazama tu, nami naitazama."

Watu tisini waliingia. Waliopangiwa kulipwa ni tisa wa mwisho. Anayetoka wa kumi hapati hata nauli. Malipo ya wa tisa yalikuwa mara mbili ya kiingilio, na kiingilio kilikuwa bei ile ile ya cherehani. Kwa hiyo kaka hakuhitaji kushinda shindano. Alihitaji mtu mmoja tu atoke kabla yake.

Jumapili alasiri walibaki kumi, wakakusanywa meza moja, naye kaka akiwamo. Zamu ya kugawa ikamwangukia dada yake.

Kanuni ya ukumbi iko wazi: mgawaji akikuta ndugu yake mezani, amwambie msimamizi abadilishwe. Lakini siku anaajiriwa aliandika kwenye fomu kwamba hana ndugu anayecheza, huku akijua kaka hucheza, na mwaka uliotangulia mwenzake alifukuzwa kwa uongo kama huo huo. Zamu ni nusu saa. Akapiga moyo konde, akaketi.

"Hatukusalimiana. Alinitazama kama anavyotazama mlango."

Wachezaji wawili walikuwa wamebakiza chipu za kuhesabika kwa vidole. Yeyote mwenye subira angewangoja wajifie wenyewe. Ndipo mwuza matairi mmoja, bwana mnene asiyeisha kutafuna kijiti, aliposukuma mikono mbele na kusema anaweka chipu zake zote. Wengine wakatupa karata zao. Ikabaki zamu ya kaka, mwenye malkia wawili mkononi.

Alifikiri dakika mbili nzima. Hesabu yake ilikuwa rahisi. Kwa pale alipoketi, alimwona mwuza matairi ana rundo la nyeupe tu, kama nusu ya chipu zake yeye. Akimfuata kwa kiasi kile kile akashinda, mwuza matairi ndiye wa kumi. Akimfuata akashindwa, bado atabaki na nusu, na nusu ilitosha kuwangojea wale wawili. Hatari aliiona kwa wengine, si kwake.

Nyuma ya rundo lile jeupe zililala nyeusi nne. Kutoka kiti cha mgawaji zilionekana wazi.

"Mchana ule ule nilishamwambia mwuza matairi mara mbili azitoe mbele, nilipokuwa nagawa meza yake ya awali, kaka hayupo," anasema. "Mara ya tatu nikaogopa. Nikajiambia, nikisema sasa hivi, watajua namsaidia ndugu yangu. Kumbe nilikuwa namnyima kitu ambacho ningempa mtu yeyote wa barabarani."

Kaka angeweza kuuliza. Mchezaji akisema "nihesabie," mgawaji analazimika kuhesabu na kutaja jumla kwa sauti. Hakuuliza. Alisema, "Namfuata."

Mwuza matairi akafunua ree na mfalme. Kati ya karata tano zinazofunuliwa mezani kwa matumizi ya wote, nne zilipita salama. Ya tano ilikuwa ree, na ree mbili hushinda malkia wawili.

Dada akahesabu chipu kwa mikono yake mwenyewe, moja moja. Nyeusi nne zilipotokea, kaka alizitazama, kisha akamtazama yeye. Hakubakiwa na kitu. Na hapo ukumbi ukalipuka kwa makofi, kama ilivyo desturi, maana wa kumi akitoka, tisa waliobaki wana uhakika wa kulipwa. Walipeana mikono. Kaka alitafuta koti lake katikati ya makofi hayo.

Jioni dada alimfuata kaka nyumbani kwake. Walizungumza kwa ufupi, mlangoni.

"Ulikuwa unaziona?"

"Nilikuwa naziona, kaka."

"Mimi sikukuuliza hesabu kwa sababu niliogopa tukisemezana watatujua, ukafukuzwa kazi. Nilinyamaza kwa ajili yako. Wewe ulinyamaza kwa ajili ya nani?"

Kaka hajamsemesha tena tangu siku hiyo. Sasa anashona kwa mkono katika karakana ya mtu mwingine, analipwa kwa kiti, na vidole vyake vimejaa matundu ya sindano. Wifi yake ndiye anayeleta habari hizo, na huzileta huku akitazama pembeni. Cherehani nayo aliyeinunua aliifungua akauza vipuri.

Kila mwezi, akishalipa kodi, mgawa karata huweka kando kinachobaki. Kwa mwendo huu atahitaji miaka minne kununua nyingine. Mwezi uliopita aliona asingoje mpaka hapo, akanunua pakiti moja ya sindano za cherehani ya ngozi, akamtumia kaka kwa mkono wa wifi. Kesho yake wifi alizirudisha.

"Anasema, mwambie sina cherehani," wifi alimwambia.

Zamu inamwita. Anasimama, anafungua mkoba kutafuta leso ya kujifutia uso, na pakiti inaonekana humo, haijafunguliwa.

"Siku cherehani ikipatikana," anasema, akiufunga mkoba, "sindano zipo."